Jengo Lililokataa Kugawanywa

Kazi yenyewe, ukimweleza mtu asiyeifanya, inasikika rahisi hadi unaona haya. Una rundo la data. Unaligawa mara mbili. Fungu kubwa unaifundishia kompyuta, fungu dogo unalificha, halafu kompyuta ikishajifunza unaitahini kwa lile fungu ambalo haijawahi kuliona. Basi. Dada yangu mkubwa aliponiuliza nashinda nikifanya nini huko ofisini nikamjibu hivyo, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo ulisoma miaka yote hiyo ili ugawe vitu mara mbili?"

Mimi sikucheka. Wakati huo nilikuwa nimeshindwa kuvigawa kwa wiki kadhaa, na bosi alikuwa ameanza kupita nyuma ya kiti changu, akitazama skrini kama mtu anayesubiri sufuria ichemke.

Ofisi yetu ilikuwa Donholm, Nairobi, juu ya duka la dawa. Ilikuwa kampuni ndogo: bosi, wasomaji wachache, na mimi wa hesabu. Tulikuwa na namba moja ya simu ambayo wakazi wa mitaa ya Eastlands walitumia kutuma malalamiko yao, nasi tukayapeleka kwa wahusika. Maji yamekauka, tunawaambia watu wa maji. Transfoma imelipuka, tunawaambia watu wa stima. Taka zimeziba njia, tunamtafuta mwenye lori. Mwanzoni jumbe zilikuwa chache na wasomaji walizimudu. Kisha habari zikaenea, na jumbe zikaja kwa wingi hivi kwamba mtu aliyelalamika Jumatatu alikuwa akijibiwa baada ya kulizoea tatizo lenyewe. Ndipo bosi akaamua kwamba kompyuta ifundishwe kusoma.

Malighafi tulikuwa nayo. Kwa miaka wasomaji walikuwa wakibandika lebo kwenye kila ujumbe: maji, majitaka, stima, taka, usalama, kelele, moto, jengo, na nyingine kadhaa. Aliyekuwa akiwaongoza alikuwa mwanaume wa rika langu, mtu wa mtaa wa Jericho kama mimi. Wazazi wake walitoka magharibi kuja kufanya kazi viwandani, wangu walitoka Ukambani, na wote wakaishia kwenye nyumba zile zile za zamani za baraza la jiji. Sheng, ile lugha ya mitaani, aliijua ya Jericho, ya Kayole na ya Pipeline, akijua pia neno lipi limeshazeeka wapi. Mtu akiandika kwamba keja yake, yaani chumba chake, "imeshikwa", yeye alijua kama imefungwa na mwenye nyumba au imeingiliwa na wezi.

Tatizo ni kwamba watu wetu hawalalamiki jambo moja kwa wakati. Ujumbe wa kawaida ulikuwa hivi: "Maji hakuna tangu juzi, choo imejaa inamwagika kwa ngazi, na hao wasee wa kuvunja milango wamerudi tena." Hapo una maji, majitaka na usalama, vyote kwenye pumzi moja. Kama kila ujumbe ungekuwa na lebo moja, ningemaliza kazi asubuhi moja. Ningepanga marundo, rundo la maji huku, rundo la stima kule, nikachota sehemu ndogo ya kila rundo kwa ajili ya mtihani, nikaenda zangu kunywa chai. Lakini ujumbe mmoja ulikuwa kwenye marundo matatu au manne. Ukiuvuta kwenda upande wa mtihani kwa sababu unahitaji usalama zaidi, unakuja na maji ambayo tayari unayo ya kumwaga. Ukiurudisha, majitaka yanapungua. Ni kama kujaribu kuwakalisha jamaa kwenye harusi wakati kila mmoja amekuja ameshikana mikono na wengine wawili.

Mwanzo nilizigawa jumbe ovyo, kwa bahati nasibu, kama vitabu vinavyoruhusu ukiwa na data nyingi. Nikaifundisha kompyuta, nikaitahini, na alama zikatoka za kupendeza. Bosi alizitazama, akapiga makofi mara moja, akatoka nje kupiga simu. Nilimsikia akiwa kwenye ngazi akimwambia mtu kwamba mashine yetu inaelewa Sheng kuliko wazazi wa Nairobi.

Mimi nikabaki nikiangalia lebo moja moja. Maji, safi. Stima, safi. Nilipofika kwenye jengo, ile lebo ya nyufa, kuta zilizovimba na balkoni zinazoinama, hapakuwa na alama yoyote. Katika jumbe zote za mtihani hapakuwa na hata mmoja wa jengo. Zilikuwa adimu tangu mwanzo, na bahati nasibu ilikuwa imezitupa zote upande wa mafunzo. Kompyuta ilikuwa imetoa onyo, mstari mmoja wa maandishi mekundu ambao hakuna aliyeusoma, kisha ikairuka lebo hiyo na kukokotoa wastani bila hiyo.

Nilimfuata bosi.

"Lebo ya jengo haijatahiniwa kabisa."

"Kwani ziko nyingi?"

"Chache sana."

"Wastani unasemaje?"

"Wastani umeiruka."

"Basi haijatuharibia," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nilirudi kitini nikiwa na hasira za kimya kimya, zile zinazokufanya ubonyeze vitufe vya kompyuta kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Nikajaribu njia ya pili. Badala ya kuangalia lebo moja moja, nikachukua kila mchanganyiko wa lebo kama aina yake. Maji na stima ni aina moja. Maji, stima na kelele ni aina nyingine. Halafu kila aina naigawa kwa uwiano. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Nilipobonyeza, programu ikagoma papo hapo: kuna aina zenye ujumbe mmoja tu, na kitu kimoja hakigawanyiki mara mbili. Zilikuwa aina nyingi mno. Kulikuwa na mtu mahali fulani Umoja aliyelalamikia taka, kelele, moto na usalama kwa sentensi moja, na hakuna binadamu mwingine aliyewahi kupatwa na balaa hizo nne kwa mpigo. Nilimwonea huruma, na nilimchukia.

Njia ya tatu ndiyo iliyokuwa na akili. Unaanza na lebo iliyo adimu kuliko zote. Jumbe zake unazigawa kwanza, kwa uangalifu, wakati bado una nafasi ya kuchagua. Kisha unaenda kwenye lebo inayofuata kwa uadimu, ukihesabu upya kila fungu bado linahitaji nini, na unaendelea hivyo mpaka ufike kwenye zile za kumwaga kama maji, ambazo zitajipanga zenyewe. Niliijaribu kwenye sehemu ndogo ya data ikafanya kazi vizuri hadi nikapiga meza kwa furaha. Nikaimwagia data yote. Kompyuta ikaanza kuvuma kama kinu cha posho. Ikavuma asubuhi nzima. Mchana kipanya kikakataa kusogea, na jioni kila kitu kikaganda, nikalazimika kuizima kwa kidole.

Kesho yake nikajaribu tena, na stima ikapotea. Duka la dawa chini yetu lilikuwa na jenereta, lakini waya wake uliishia kwenye friji ya chanjo. Nikakaa gizani nikisikiliza jenereta ya watu. Stima iliporudi nikaanza upya, na kompyuta ikaganda tena.

Siku kadhaa zilipita hivyo kabla sijaona kosa liko wapi. Nilikuwa nimeiambia kompyuta itengeneze jedwali lenye safu ya kila ujumbe na nafasi ya kila lebo, na karibu nafasi zote zilikuwa sifuri. Mashine ilikuwa inakufa kwa kubeba sifuri. Nikaandika upya ili ikumbuke tu lebo zilizopo kwenye kila ujumbe, na isihesabu upya kila kitu kwa kila hatua, bali kile tu kilichobadilika. Safari hii ilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nikaangalia uwiano: kila lebo, hata jengo, ilikuwa na sehemu yake pande zote mbili. Yule kiongozi wa wasomaji, mwenzangu wa lebo, alipita, akaona uso wangu, akauliza kama nimepata habari nzuri kutoka nyumbani.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipotahini. Alama zilipanda zaidi ya za mwanzo. Hata ile lebo adimu ilipata alama ambazo hazikuwa na sababu ya kuwepo. Kompyuta haiwezi kujifunza nyufa kwa mifano michache hivyo ikazijua kama fundi wa ujenzi. Nikafungua jumbe zenyewe nikaanza kusoma, na nikaona. Ujumbe huu wa mtihani na ule wa mafunzo ulikuwa mmoja. Jirani mmoja ameandika, mwingine ameunakili kwenye kikundi cha ploti, yaani cha wapangaji wa jengo moja, wa tatu ameongeza "please" mwishoni, wa nne ameondoa nukta, na wote wametutumia. Mimi nikaja nikazigawa, mbili huku na mbili kule. Kompyuta ilikuwa imeuona mtihani kabla ya mtihani.

Nilimwita mwenzangu nikamwonyesha.

"Aah, hiyo?" akasema. "Hiyo ni kawaida. Wanaambiana, tumeni wote ndiyo wasikie."

"Na hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Sisi tulidhani ni vizuri wakiwa wengi."

Hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Ilibidi nianze tena: jumbe zote za ploti moja zikae upande mmoja, zisitenganishwe. Ploti ikiwa ya mafunzo, yote iende mafunzo. Ikiwa ya mtihani, yote mtihani. Kila mteja wetu alipojisajili aliandika mtaa na jina la ploti, kwa hivyo iliwezekana. Nikafunga jumbe ploti kwa ploti, nikaanza kugawa ploti badala ya jumbe, nikianza tena na lebo adimu.

Hapo nikagonga ukuta. Jengo halikugawanyika. Nilijaribu hivi na hivi, nikabadilisha mpangilio, nikalegeza uwiano, lakini kila mara upande mmoja ulikuwa na karibu kila kitu na mwingine karibu haukuwa na kitu. Nilitumia siku mbili nikiitukana programu kabla ya kufikiria kuuliza kwa nini. Jibu lilikuwa rahisi: sehemu kubwa ya jumbe za lebo hiyo zilitoka ploti moja. Nikiipeleka kwenye mafunzo, sina cha kutahini. Nikiipeleka kwenye mtihani, kompyuta haina cha kujifunza. Ilikuwa kama jiwe lililo katikati ya shamba, unalima huku na kule lakini lenyewe halisogei.

Nikaiambia kompyuta initolee jina la ploti.

Nililijua. Lilikuwa mtaani Pipeline, lile ghorofa refu la rangi ya krimu lililobanana na mengine mawili, ambalo dada yangu alihamia alipopata kazi kwenye kiwanda cha plastiki. Nilikuwa nimepanda ngazi zake nikiwa na mfuko wa viazi mkononi. Na kwa siku mbili nzima nilikuwa nalilaani kwa sababu lilikuwa linaniharibia uwiano.

Nilisoma jumbe zake zote, safari hii kama mtu, si kama hesabu. Ufa kwenye ngazi. Ukuta wa nyuma unatoa vumbi. Vigae vya sakafu vimepasuka usiku tukasikia kama risasi. Kisha nikatafuta jumbe nyingine za ploti hiyo hiyo zilizobandikwa lebo nyingine. Kulikuwa na mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili cha adabu, chenye nukta zake, na lebo yake ilikuwa maji: "Maji yanatoka kwenye ukuta wa choo, na mlango wa choo haufungi tena. Fundi ameukwangua lakini bado." Uandishi huo wa adabu niliufahamu tangu utoto: ulikuwa wa dada. Nikatoka nje kwenye ngazi nikampigia simu.

"Mlango wa choo chako haufungi?"

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Umetutumia ujumbe."

"Ile namba ni yenu?" Akacheka. "Basi mko na kazi mbaya. Walileta fundi wa bomba. Akaangalia bomba, akasema bomba ni zima, akaenda."

"Dada, kuna ufa?"

"Nani hana ufa Pipeline?"

Jumamosi nilikwenda. Alinipokea kwa chai na maneno mengi ya kunifanya nisiangalie, lakini niliangalia. Ufa ulianza kwenye kona ya dirisha ukashuka kwa mshazari mpaka nyuma ya jiko. Alikuwa ameuziba kwa gazeti na kuupaka rangi, na ulikuwa umefunguka tena kando ya rangi. Mlango wa choo ulikuwa umepigwa randa upande wa juu hadi mbao ikabaki nyeupe.

"Akiukwangua tena utabaki mwiko," dada akasema.

"Si mlango uliokua. Ni ukuta umeshuka."

"Umekuwa injinia?"

"Sijakuwa. Ndiyo maana nataka aje injinia."

Tulishuka kumwona keateka, yule anayekaa mlangoni na kushika funguo za ploti. Alikuwa mtu mpole, amekalia kreti ya soda, redio sikioni. Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima zote, kisha akasema, "Madam, nyumba ikiwa mpya inajikalisha. Hata wewe ukishiba si unajikalisha?" Dada akacheka. Mimi nikaomba namba ya mwenye nyumba. Akasema mwenye nyumba yuko safarini. Nikauliza anarudi lini. Akasema hata yeye angependa kujua.

Jumatatu, mimi na mwenzangu tulikusanya jumbe zote za ploti hiyo, za jengo na zile zilizojificha chini ya maji na kelele, kwa sababu hata watu waliolalamikia mlio ukutani walikuwa wamewekwa kwenye kelele pamoja na spika za baa. Tukazipeleka kwa wakaguzi wa majengo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Ofisa aliyetupokea alizisoma akiwa amesimama, akauliza maswali mawili ya maana, akasema atakwenda. Na alikwenda. Ndani ya wiki hiyo ukuta wa mbele ulikuwa na alama nyekundu ya X, ile ya jengo la hatari, na wapangaji wakapewa muda wa kuhama.

Nilidhani dada atanishukuru. Alikuja Jericho, kwenye nyumba ya wazazi wetu ninamoishi, na magunia, godoro, na hasira.

"Nilikuwa natembea kwenda kazini," akasema akiwa bado mlangoni. "Natembea. Sasa niamke saa ngapi?"

"Lingekuangukia."

"Limemwangukia nani?"

Nikashika gunia moja nikaliingiza ndani. Usiku huo alilala kwenye kitanda changu nami nikalala kwenye kochi. Kwa majuma kadhaa alinilaumu kwa kila kitu: foleni ya barabara ya Outer Ring, jirani yake wa zamani aliyepata chumba mbali na shule ya watoto, soko la Jericho ambalo eti halina nyanya za maana. Jirani huyo alimpigia simu akamwuliza kama ni kweli mdogo wake ndiye aliyewachongea. Dada akanipa simu nijibu mwenyewe. Nilijibu. Yule mama alinisikiliza, akasema "haya," akakata.

Ghorofa lenyewe lilibaki tupu kwa muda, kisha wakaja mafundi, wakaweka nguzo za chuma ghorofa ya chini, ukuta wa nyuma ukabomolewa na kujengwa upya. Wakaguzi wakafuta X. Watu wakarudi, ingawa si dada. Sijui kama lingeanguka. Hakuna atakayeniambia. Siku moja dada alikuwa akiosha vyombo akasema, bila kugeuka, kwamba jirani yake amerudi na mafundi walipobomoa ule ukuta walikuta nondo zimekatika kwa kutu. Alisema tu hivyo, akaendelea kuosha. Jioni hiyo alinipikia pojo.

Ofisini nako, katika juma lile lile la X, tatizo langu lilikuwa pale pale. Mwishowe niliacha kupigana nalo. Ploti ile niliiweka kwenye mafunzo, nikaandika wazi kwamba lebo ya jengo haiwezi kupimwa kwa data tuliyo nayo, na kwamba ujumbe wowote unaotaja ukuta, mlango, ngazi au mlio usomwe na mtu. Lebo nyingine nilizigawa kwa ploti. Nikatahini upya. Alama zikashuka, na si kidogo. Lakini safari hii zilikuwa alama za kweli, za kompyuta kukutana na ploti ambayo haijawahi kuisikia.

Bosi alizitazama kwa muda mrefu.

"Mwezi uliopita ilikuwa na akili," akasema. "Umeifanyia nini?"

"Haijabadilika. Mwezi uliopita ilikuwa inaibia mtihani."

"Nani aliipa mtihani?"

"Sisi wote. Jumbe zilikuwa zimejirudia."

"Wageni wanaotaka kutufadhili wanakuja Alhamisi, dadangu. Nimeshawaambia zile za kwanza."

"Basi waambie hizi."

Hatukuinua sauti, lakini mwenzangu aliniambia baadaye kwamba wasomaji wote waliacha kuandika. Bosi alisema hesabu ni hesabu, iwe ya mwezi uliopita au huu. Nilisema ile ya kwanza inapima kama kompyuta inakumbuka, hii inapima kama inaelewa. Akasema wageni hawajui tofauti. Nikasema watu wa Kayole wataijua. Alikubali kuweka alama zangu. Alhamisi nikaziona kwenye skrini ya ukutani: alama za kwanza kwa herufi kubwa, na zangu chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu ambayo hata mimi niliyeyaandika ilibidi nikunje macho kuyasoma. Wageni walipiga makofi. Mmoja alinipa mkono akasema kazi nzuri. Nilisema asante, na nilipofika chooni niliegemea sinki nikapumua kama mtu aliyepanda ngazi.

Mashine ikaanza kazi. Mwezi wa kwanza bosi aliniita.

"Imeharibika," akasema. "Watu wa Umoja wanalalamika stima inapelekwa kwa watu wa taka. Angalia hizi takwimu. Imeshuka."

Niliangalia. Nikafungua faili ya ile Alhamisi, nikaikuza mpaka maandishi ya kijivu yakaonekana, nikaigeuza skrini ya kompyuta upande wake. Alama zangu zilikuwa zinakaribiana sana na takwimu zake.

"Haijaharibika," nikasema. "Hivi ndivyo ilivyo."

Alisugua paji la uso. Sitasema aliomba msamaha, kwa sababu hakuomba. Alisema, "Sasa tufanyeje?" na kutoka kwake hiyo ilikuwa hatua. Nilimwambia wasomaji wawili warudishwe kwenye jengo na moto, lebo ambazo ukikosea mtu anaumia, na zilizobaki mashine iendelee nazo huku tukikusanya mifano zaidi kutoka ploti nyingi zaidi. Alikubali kwa shingo upande. Mwenzangu akashika lebo ya jengo yeye mwenyewe, na tangu hapo kila ujumbe wa mlango usiofunga unampitia. Mingi ni milango mibovu tu. Anazisoma jumbe zote.

Wiki iliyopita bosi alikuja na habari kwamba wageni wamependa, na wanataka tuongeze lebo mpya: mafuriko, watoto, walemavu, na moja waliyoiita mengineyo. Akauliza itachukua muda gani kugawa data upya, kwa kuwa yeye anadhani ni kuongeza safu chache tu. Nilimwambia kwamba kila lebo mpya ni kuanza kugawa upya ploti zote, na muda wake nitamwambia nikishakula. Nikachukua pochi yangu, nikashuka kwa mama wa chapati aliye nyuma ya duka la dawa, nikaagiza chapati mbili na ndengu, nikala polepole.